Stelingi ina plei na gari linatangatanga kwenye lami: nianzie wapi kabla ya kubadilisha boksi?

Korongo_Refu anauliza:

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kabla sijang'oa stelingi boksi.

Gari lina ekseli nzima mbele na nyuma (magurudumu mawili kwenye ekseli moja), springi za koili, redias amu mbili mbele (mikono inayoishika ekseli isiende mbele wala nyuma) pamoja na panhadi rodi (fimbo inayoishika ekseli isiende pembeni). Stelingi ni ya boksi (sanduku la gia za stelingi), yenye hidroliki. Aliyeniuzia alikuwa ameshaliinua milimita 50 kwa springi ndefu, na tairi ni za matope, pana kuliko za kiwandani. Kwenye njia mbovu, mwendo wa taratibu, sina lalamiko kubwa. Shida inaanza kwenye lami nikifika kilomita 70 kwa saa.

Usukani ukiwa katikati, kuna nafasi naugeuza kulia na kushoto na gari halijibu. Likija kujibu, linajibu kwa mkupuo. Lori likinipita au upepo ukipiga ubavuni, gari linahama, nami nakaa kurekebisha, kurekebisha, hadi mabega yanauma. Nikishakata kona usukani haurudi wenyewe, nausukuma kwa mkono. Na mara mojamoja, gurudumu moja la mbele likigonga shimo katika mwendo huo, usukani unatetemeka kwa nguvu, gari zima linatikisika, na halitulii mpaka nipunguze karibu na kusimama.

Hadi sasa: alaimenti imefanywa, balansi imefanywa, tairodi endi (viungo vya ncha za fimbo za stelingi) zote ni mpya, shokapu ya stelingi ni mpya. Hiyo shokapu ilisaidia mwanzoni, sasa hali ni ileile. Fundi anasema kilichobaki ni boksi. Nianzie wapi?

Gia_Nzito anajibu:

Mkuu, juu ya boksi kuna skrubu yenye nati. Legeza nati, kaza skrubu robo mzunguko, funga nati. Langu lilipona hivyo.

BiSpana anajibu:

Ndugu Korongo, skrubu hiyo usiiguse leo. Gia_Nzito, sipingi kwamba kwako ilikuwa dawa, lakini gari hili lina dalili ambazo boksi peke yake haiwezi kuzileta. Skrubu ikikazwa kufidia ulegevu wa mahali pengine, stelingi inakuwa ngumu, usukani unakataa kabisa kurudi, na meno ya ndani yanalika. Hapo ndipo utanunua boksi kwa lazima.

Tutenganishe kwanza, maana umeeleza maradhi matatu na mafundi wako wanayatibu kama moja. La kwanza ni plei: unageuza usukani na magurudumu hayageuki. Maana yake kuna kiungo baina ya mikono yako na tairi kinachomeza mwendo. La pili ni kutangatanga na usukani kutorudi katikati. Hilo linaweza kuwepo hata kila kiungo kikiwa kipya, kwa sababu asili yake ni pembe za ekseli na tairi. La tatu ni mtikisiko baada ya shimo. Huo unahitaji kitu kilicholegea kwenye ekseli yenyewe, na ndio ninaotaka uushughulikie kwanza kwa sababu ni hatari.

Shokapu ya stelingi iondoe kwenye orodha ya dawa. Kazi yake ni kupunguza mshtuko unaofika mikononi. Ikiwa mpya na ngumu inauzuia mtikisiko kwa muda, kisha kile kilicholegea kinaendelea kulegea, na siku inapochoka mtikisiko unarudi ukiwa mkubwa zaidi. Ndivyo ilivyokutokea.

Sasa kazi ya kesho asubuhi, na haihitaji kununua kitu. Pima upepo wa tairi kabla ya kuendesha, tairi zikiwa za baridi. Watu wa njia mbovu hupunguza upepo kwenye mchanga, wakirudi wanajaza kwa kukadiria, na tairi pana ya matope yenye upepo mdogo mbele peke yake inatosha kulifanya gari liogelee barabarani. Hakikisha kulia na kushoto ni sawa.

Kisha gari lisimame mahali tambarare kwa tairi zake nne, usilipige jeki. Breki ya mkono, kabari magurudumu ya nyuma, injini iwe inawaka ili hidroliki ifanye kazi. Tafuta mtu unayemwamini, akae ndani na kuupeleka usukani kulia na kushoto mfululizo, kiasi cha upana wa kiganja kila upande, asiende zaidi ya hapo. Wewe ingia chini na tochi. Fuata njia ya mwendo kuanzia juu: jointi za koloni, shafti inayoingia boksi, shafti inayotoka, pitmani amu (mkono unaotoka kwenye boksi), dragi linki (fimbo inayotoka kwenye mkono huo kwenda gurudumuni), tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele), hadi kwenye gurudumu. Kila kiungo kitazame pande zake mbili. Pande zote mbili zikisogea kwa pamoja, hicho ni kizima. Upande mmoja ukianza kusogea na wa pili ukachelewa, hapo ndipo mwendo unapotelea. Weka kidole katikati ya kiungo, nusu huku nusu huku, utasikia kile ambacho jicho halioni.

Watu wengi wakifika kwenye tairodi wanatoka chini, na hapo ndipo wanapokosea. Wewe baki na utazame vitu viwili zaidi. Cha kwanza, boksi dhidi ya chasisi. Boksi halitakiwi kusogea hata unywele. Likisogea, bolti zimelegea, au chasisi imepasuka kuzunguka bolti hizo. Futa tope na grisi yote mahali hapo, maana ufa mwembamba hujificha chini ya uchafu, na gari lililoinuliwa na kuvishwa tairi pana linapasukia hapo zaidi. Cha pili ni panhadi rodi, ncha zote mbili. Dragi linki inaposukuma gurudumu ligeuke, inaisukuma pia ekseli nzima kwenda pembeni, na kinachoizuia ekseli isiende ni panhadi peke yake. Bushi yake (raba ya kwenye kiungo) ikiwa imekufa, unageuza usukani na kwanza ekseli inateleza chini ya gari, halafu ndipo magurudumu yanageuka. Dereva ataapa kwamba ni boksi.

Ukishamaliza hayo, piga jeki mbele, kalisha ekseli kwenye stendi imara, usilale chini ya jeki tupu. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki ya mguu na kuishikilia, utikise tena. Breki inalifunga gurudumu pamoja na kichwa cha ekseli kinachogeuka. Kwa hiyo plei ikipotea, shida ni beringi za gurudumu. Ikibaki, shida ni beringi za kingpini (mhimili ambao gurudumu linageukia), au boli jointi kwa gari lenye boli jointi. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, kwa sababu kinamaliza ubishi hapo hapo.

Rudi na majibu. Niambie pia: baada ya kuinuliwa, usukani uliwahi kukaa kombo ukarekebishwa? Na ulirekebishwaje?

Tope_Magotini anajibu:

Naongezea kwa wenye magari ya aina nyingine. Gari likiwa na springi za vyuma bapa vilivyopangana, mara nyingi halina panhadi. Springi zenyewe ndizo zinazoishika ekseli. Hapo tazama bushi za springi na shako zake (vile vishikizo vinavyobembea kwenye ncha ya springi), nati za zile yu-bolti, na bolti ya katikati ya springi. Bolti hiyo ikikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na gari linakwenda upande kama kaa.

Na yale yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, mfano Prado, hayana kingpini wala panhadi mbele. Huko ukague boli jointi za chini, bushi za amu za chini, na bushi zinazoshika raki ya stelingi. Boli jointi ya chini yenye plei usiiendeshe "mpaka mwisho wa mwezi". Ikichomoka, gurudumu linalala.

BiSpana anajibu:

Ahsante Tope, hilo la boli jointi ya chini liandikwe kwa herufi kubwa. Na kwa wote: msisahau nyuma. Ukiachia mafuta gari linaelekea upande mmoja, ukikanyaga linaelekea mwingine, na usukani hukuugusa, basi ni bushi za amu za nyuma. Ekseli ya nyuma inaligeuza gari bila ruhusa yako, na mtu atahangaika na mbele mwaka mzima.

Korongo_Refu anajibu:

Dada BiSpana, nimefanya yote na mdogo wangu akiwa kwenye usukani. Majibu:

Upepo wa mbele kushoto ulikuwa chini kuliko kulia. Nimesawazisha. Gari limetulia kidogo, kidogo sana.

Boksi halisogei kwenye chasisi. Nimesafisha, sioni ufa. Tairodi na dragi linki ziko sawa. Lakini panhadi, upande wa chasisi, bolti inacheza ndani ya tundu. Bushi inaonekana mpya kabisa! Ni bolti na bamba lake, kila usukani ukigeuka inagonga "tak, tak".

Gurudumu la kulia lilicheza juu na chini. Breki ikikanyagwa bado linacheza. La kushoto zima.

Kuhusu usukani: ndiyo, aliyeniuzia alisema baada ya kuinua ulikaa kombo, wakauchomoa kwenye meno yake wakaurudisha ukiwa umenyooka. Kwa nini uliuliza?

BiSpana anajibu:

Umefanya kazi safi, na sasa gari limesema lenyewe. Naanza na swali lako, kwa sababu jibu lake ndilo linaloliokoa boksi.

Dragi linki ina urefu mmoja. Chasisi ikipanda milimita 50 na ekseli ikabaki chini, pembe ya dragi linki inabadilika na inalivuta gurudumu upande mmoja. Dereva anaponyoosha magurudumu, usukani unakaa kombo. Tiba sahihi ni kuirefusha au kuifupisha dragi linki kwa kuzungusha ile sehemu yake ya nyuzi mpaka usukani unyooke. Waliouchomoa usukani wamenyoosha kilichoonekana na kuacha boksi likiwa limepinda kwa ndani.

Kwa nini ni muhimu? Boksi la aina hii limetengenezwa libane zaidi katikati kabisa ya mwendo wake, kwa sababu hapo ndipo gari linapokaa muda mwingi, likienda moja kwa moja. Kadiri unavyotoka katikati, meno yanaachiana kidogo kwa makusudi, na kwenye kona huisikii plei hiyo kwa kuwa uzito wa gari unavuta upande mmoja. Gari lako linapokwenda moja kwa moja, boksi halipo katikati. Unaendesha kwenye sehemu iliyolegezwa tangu kiwandani, halafu unaambiwa boksi limekufa.

Lithibitishe. Chomoa dragi linki kwenye pitmani amu. Zungusha usukani taratibu hadi mwisho upande mmoja, usigonge mwisho kwa nguvu, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili. Gawa kwa mbili, rudi hapo. Hiyo ndiyo katikati ya kweli. Boksi likiwa hapo na magurudumu yakitazama mbele, rekebisha urefu wa dragi linki mpaka iingie yenyewe. Mwisho kabisa urudishe usukani kwenye meno yake unyooke. Kama usukani una mkoba wa hewa, tenganisha betri, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na kuwa mwangalifu na ule utepe wa nyaya ulio nyuma ya usukani. Ukizungushwa bila mpangilio unakatika.

Kama baada ya hapo katikati bado ina plei, ndipo tutazungumza skrubu. Nayo inakazwa boksi likiwa katikati, dragi linki imechomolewa, kidogo kidogo, ukipima kila mara kutoka mwisho hadi mwisho. Ukisikia mahali panakwama, rudisha. Boksi lililolika katikati haliwezi kuwa zuri kotekote; ukilibana katikati litakwama pembeni.

Panhadi. Bushi mpya ndani ya tundu lililotanuka haina maana. Tundu lilitanuka kwa sababu bolti iliendeshwa ikiwa haijakazwa vya kutosha, au ni bolti isiyo yake, yenye nyuzi hadi ndani ya bamba, nazo zikalisaga kama msumeno. Usiweke bolti nene zaidi kwa kuchimba tundu kwa macho. Wape mafundi wa kuchomelea wenye sifa, wachomelee kipande cha bamba imara chenye tundu la kipenyo halisi, au wabadilishe kishikizo chote. Bolti iwe ya daraja linalotakiwa, na sehemu yake laini isiyo na nyuzi ndiyo ikae ndani ya tundu.

Kingpini ya kulia. Fungua, toa beringi zote mbili, zioshe na uzitazame kwenye mwanga. Nyingi zinakuwa na alama za mashimo mahali pamoja, kwa sababu gurudumu linakaa limenyooka muda mwingi na kila shimo la barabara linapiga palepale. Beringi zenye alama hizo utupe, pamoja na vikombe vyake. Kubana kwa kingpini kunapangwa kwa vile vipande vyembamba vya bati vinavyokaa chini ya kifuniko: ukipunguza unene wake, inabana zaidi. Kipimo chake unakipata kwa kuvuta kichwa cha ekseli kwa mizani ya springi, tairodi ikiwa imechomolewa, na nguvu inayotakiwa iko kwenye kitabu cha gari lako. Usikisie. Fanya na kushoto pia hata kama hakuchezi. Pande mbili zenye kubana tofauti zitakuletea ugomvi mwingine.

Tundu la panhadi na kingpini ndio mtikisiko wako. Shimo linaipiga ekseli pembeni, ekseli inateleza, gurudumu lililolegea linageuka kidogo, kugeuka huko kunaisukuma ekseli upande wa pili, na vinalishana. Mpaka umalize hivyo viwili, gari lisiingie kwenye lami ya mwendo mkubwa. Nakuomba sana hilo.

Baki ya maradhi ni kutorudi kwa usukani. Karatasi ya alaimenti inasema kasta ni ngapi?

Korongo_Refu anajibu:

Kasta: kushoto digrii 0.6, kulia 0.5. Too (magurudumu kufumba au kufunguka kwa mbele) wameandika iko ndani ya kiwango. Boksi nimelipima kama ulivyoelekeza: kutoka mahali magurudumu yamenyooka, upande mmoja una karibu nusu mzunguko zaidi ya mwingine.

BiSpana anajibu:

Basi hiyo nusu mzunguko imejibu kuhusu boksi: lilikuwa nje ya katikati kwa karibu robo mzunguko.

Kasta ni ule mlalo wa kingpini kuelekea nyuma kwa juu, ndio unaofanya gurudumu lipende kunyooka lenyewe. Magari ya koili na redias amu kama lako, mfano Land Cruiser 80 au Defender, yanatoka kiwandani na digrii 3 hivi. Ukiinua, redias amu zinashuka na ekseli inajizungusha mbele. Kadirio linalotumika ni digrii 1 kwa kila milimita 25. Umeinua 50, umepoteza kama 2, na kama nusu nyingine imeliwa na uchakavu wa bushi. Alaimenti haikukosea. Kwenye ekseli nzima mashine ya alaimenti inarekebisha too tu, kwa sababu kasta haina mahali pa kurekebishia.

Unahitaji bushi za redias amu zenye tundu lililopigwa pembeni, au vishikizo vinavyozishusha redias amu upande wa chasisi. Kwa milimita 50 bushi zinatosha. Rudisha karibu na kiwango cha kiwanda na uishie hapo. Kuna watu wanaongeza kasta hadi wasikie raha ya usukani kurudi, wanasahau kwamba ekseli ikizungushwa, pua ya difu inainama na propela shafti ya mbele inapata pembe mbaya, kisha wanakuja kuuliza mvumo unatoka wapi.

Kuhusu too, mwambie mpimaji afuate kitabu cha gari lako, asiweke anavyoweka kwa kila gari. Defender kwa mfano linataka magurudumu yafunguke kidogo kwa mbele, na fundi aliyezoea kuyafumba ataliharibu kwa nia njema.

Tazama na hili ukiwa chini: panhadi na dragi linki zikitazamwa kutoka mbele zinatakiwa zilale kwa pembe moja. Mtu akishusha ncha moja ya dragi linki bila kuigusa panhadi, kila tuta litakugeuzia usukani. Na pima kutoka tairi hadi chasisi kulia na kushoto. Panhadi yenye urefu wa kiwanda kwenye gari lililoinuliwa huivuta ekseli pembeni. Tofauti ikiwa kubwa, tafuta panhadi inayorekebishika urefu.

Korongo_Refu anajibu:

Ripoti. Kishikizo cha panhadi kimebadilishwa, bolti mpya. Beringi za kingpini za kulia zilikuwa na mashimo mstari mmoja kama ulivyosema, nimebadilisha pande zote mbili na kubana kumepimwa kwa mizani. Dragi linki imerekebishwa, boksi liko katikati, na plei imebaki ndogo sana bila kuigusa skrubu. Nimepita lami yenye mashimo kwa 60, kisha 80. Hakuna mtikisiko, na nimeipitia na shokapu ya stelingi ikiwa imefunguliwa upande mmoja ili nijue sijadanganywa. Bado usukani unarudi kivivu, bushi za kasta zimeagizwa. Boksi sibadilishi. Dada, Mungu akubariki.

BiSpana anajibu:

Amina. Hiyo shokapu irudishe sasa, usiendeshe bila hiyo. Na zikija bushi, bolti za redias amu na za panhadi ziingize kwa mkono tu gari likiwa kwenye stendi. Lishushe, litikise juu chini likae kimo chake, ndipo uzikaze. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, raba inabaki imejipinda muda wote na itachanika mapema. Zikague tena kwa spana baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, hasa ile ya panhadi upande wa chasisi.